Mkono Uliotoka Dirishani

Njuguna tulimuaga Alhamisi iliyopita, katika kanisa moja la mabati pale Riruta Satellite, na wasifu wake ukaruka mwaka mmoja mzima. Binti yake ndiye aliyesoma, na alisoma vizuri, sauti haikumtetemeka: baba alizaliwa, baba akaenda shule, baba akauza mikate, halafu hop, baba ameoa na ana duka la mbao. Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma na wanawake wa chama. Nikageuka kutazama kama kuna mwingine aliyeliona lile pengo. Wapi! Waliokuwapo mwaka ule wengi wamekufa au wamerudi kwao, na waliobaki wana adabu kuliko mimi. Mimi adabu hiyo sina. Mwaka ule ulikuwa wangu pia, na mtu akiuruka naona ameniruka mimi na marehemu wangu. Nilipofika nyumbani nikavua viatu, nikakataa chai, nikaanza kuusimulia peke yangu jikoni, mpaka mkwe wangu akaja mlangoni kuuliza nazungumza na nani.

Nilikotoka hakuna haja ya kukueleza. Magharibi, kama wengi wetu, inatosha. Mwaka huo ulinikuta Mashimoni, kule Kibera, nikiuza maji kwenye kibanda cha mwanamke mmoja mkali, na Barasa, huyo marehemu wangu, akawa anapita kila asubuhi na baiskeli yake kubwa nyeusi, zile tulizoziita blakmamba, akileta mikate kwa duka la jirani. Nyuma, juu ya keria, alikuwa amefunga sanduku la bati refu kama kabati, na likiruka kwenye mashimo lilipiga kelele zilizowaamsha watoto. Aliponitongoza hakusema habari za mapenzi. Alininyooshea mkate uliobonyea upande mmoja, akasema, "Huu duka hawataki. Na mimi siwezi kula peke yangu." Nikamwambia mimi si jaa la mikate yake mibovu. Alicheka mpaka akaegemea sanduku. Kabla mvua za masika hazijaisha nilikuwa nimehamia kwake Kawangware, godoro langu limefungwa juu ya sanduku lile lile, mimi nikitembea kando nimebeba sufuria, na watu wakitupigia vigelegele njiani kana kwamba tumetoka kanisani. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Nasema hivyo nikiwa mtu mzima, na nimepata mambo mengi mazuri tangu siku hizo.

Chumba chetu kilikuwa kimoja katika safu mbili za mabati zilizotazamana, katikati kamba za nguo na mfereji wa maji machafu. Pazia la maua liligawa kitanda na jiko. Ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya, Barasa anamwambia pole bila kunyanyua kichwa kwenye sahani. Mwenye ploti aliishi pale mbele, kwenye nyumba ya mawe, mzee mtaratibu wa kofia ambaye hakuzungumza na wapangaji ila kuhusu taka na choo. Njuguna alikuwa kitinda mimba wake, rika moja na Barasa. Mzee alikuwa amemtafutia kazi kwenye bekari ile ile iliyomtuma Barasa na mikate, "ajue jasho linatoka wapi", na Barasa ndiye aliyepewa amfundishe. Basi huyo kijana wa nyumba ya mawe akageuka kuwa mlaji wetu. Kila jioni utamsikia kabla hujamwona: "Niaje shemeji, leo tunakula nini?" Atajivutia mtungi wa maji aukalie, atakunja mikono ya shati, ataingia kwenye ugali na omena kama mtu aliyefukuzwa kwao. Mwanzoni alinikera, nisiseme uongo. Nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili, na huyu mwana wa mwenye nyumba anakuja kutumaliza. Babake akiita kutoka mbele, "Njuguna! Chakula!" anajibu, "Nimeshiba!" mdomo umejaa mboga zangu, na Barasa anacheka hadi machozi. Baadaye nikajikuta nasonga ugali wa watu watatu bila kuambiwa.

Hawa watu wa mikate walikuwa na desturi yao ambayo sijaiona kwingine. Ukiwa na lile sanduku kwenye keria huoni nyuma, na kwa kelele zake husikii kengele wala mtu akikuita. Kwa hivyo mwenzako akitaka kukupita, sharti akuguse begani kwanza. Si kukupiga, ni kukugusa na kiganja chote, ujue ni mtu. Na wewe uliyeguswa unajibu: unaachilia hendo, usukani wa baiskeli, kwa mkono mmoja, unaugusa mkono wake, kumaanisha nimekujua, pita. Barasa alimfundisha Njuguna jambo hilo kabla hata ya kumfundisha kufunga sanduku. Aliyepita bila kugusa alinuniwa siku nzima, na akifika pale kwangu kunywa uji anakuta wenzake wamempa mgongo. Nilikuwa nimeanza kuuza uji na mandazi kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, na kila asubuhi niliwaona wakija kwenye msururu wao, mikono ikipanda na kushuka mabegani, ukadhani ni ngoma fulani wanaicheza. Walikuwa wanapendeza, wale wanaume, na mikate yao.

Barabara yenyewe siku hizo ilikuwa nyembamba, leni moja ya kwenda mjini na moja ya kurudi, na kando yake ni matope au mtaro. Siku hizi wameipanua, wakachora na njia ya baiskeli, ambayo boda boda na wauza viatu wameshaigeuza yao. Nikipita pale huwa nasonya. Zama hizo foleni ikikaza, mwenye baiskeli hakuwa na pa kupita ila katikati, kati ya magari yaliyosimama na yale yanayokuja kwa kasi kutoka mjini. Madereva walichukia hilo kama nini! Sanduku la bati likimkwaruzia mtu rangi ya gari, basi ni matusi ya mama na baba. Wengine walikuwa wanafungua mlango ghafla makusudi. Wengine wanatoa mkono dirishani na kumsukuma mtu, halafu wanapandisha kioo na kuangalia mbele kama watu wa kanisa. Watu wa baiskeli nao si malaika. Nimewaona wakipiga boneti kwa kiganja, wakitema mate kwenye kioo, wakivunja taa na kupotelea njia za panya ambako gari haliingii. Mimi niliwauzia wote uji, kwa hivyo nilisikia yote. Bwana wa tai ananiambia, huku akipuliza kikombe, "Hawa watu wa baiskeli wangekatazwa barabarani kabisa." Akiondoka anakuja fundi wa Kawangware, anakanyaga stendi, ananiambia, "Mwenye gari akikuona hivi, anakuona wewe ni jiwe tu liko kwa njia." Mimi namimina tu. Nilidhani ni maneno, ya kumsaidia mtu kumaliza kikombe.

Kisha mzee akanunua pikapu. Ilikuwa ya mitumba, rangi ya maziwa, ya kubebea mbao, na akampa Njuguna aiendeshe. Ploti nzima ilitoka kuitazama. Barasa aliizunguka, akapiga teke gurudumu, akasema, "Sasa wewe ni mdosi," na Njuguna akamjibu, "Mdosi gani, kesho nakuja kula." Na alikuja. Majuma ya kwanza hakubadilika hata kidogo. Akiwa kwenye foleni na aone sanduku la Barasa linakuja kwenye kioo chake, anatoa mkono dirishani, anamgusa bega akipita, naye Barasa anagusa mkono wake, na wote wanacheka. Madereva wengine walikuwa wanakodoa macho. Niliona na mimi, mara nyingi, kutoka kwenye benchi langu. Ila wenzake Barasa hawakuipenda. Mmoja wao, Oduor, mtu mrefu wa maneno makali, aliniambia siku moja akirudisha kikombe: "Huyo ameshaingia kwa gari. Mkono ukitoka kwa gari si mkono ya mtu wa baiskeli tena." Nikamwambia anywe uji aende zake.

Kilichowagombanisha Barasa na Njuguna kilikuwa kioo cha pembeni cha pikapu. Asubuhi ya mvua, Barasa alipita kando ya pikapu, utelezi ukamvuta, sanduku likakipiga kile kioo kikang'oka chote. Siku nyingine wangelicheka. Lakini siku hiyo mzee alikuwa amekaa mbele kando ya mwanawe, na kofia yake, akitazama. Njuguna akatoa kichwa na kupiga kelele, "Nyinyi watu wa baiskeli hamna macho!" Nilikuwa nimeshika jagi. Nilimwona Barasa akisimama kwenye mvua, mguu mmoja chini, anamtazama. Akamuuliza, taratibu kabisa, "Sisi nani?" Njuguna akatazama upande wa babake, halafu akapandisha dirisha. Mimi nilitamani kumrushia lile jagi, na uji wake wa moto.

Jioni hiyo Njuguna hakuja kula, wala iliyofuata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeapa akija nitamfungia mlango, lakini asipokuja nikakasirika zaidi. Ugali ulikuwa unabaki. Barasa alinawa mikono mapema, akijitia yuko sawa, na nikimtaja Njuguna ananiambia, "Wacha mtu na mambo yake." Ukutani tulisikia majirani wakiyapika upya: mara Barasa amekivunja kile kioo kwa wivu, mara mzee atatutoa kwenye chumba. Barabarani Barasa akawa anapita kando ya pikapu ile mikono yote miwili kwenye hendo, macho mbele. Mkono wa Njuguna ulikuwa ukitoka, unakaa hewani, unarudi ndani. Niliona hivyo si mara moja. Iliniuma kwa ajili ya wote wawili, na sikuwa na la kufanya, kwa sababu wanaume wakinuna ni kama mvua ya Julai, haina kishindo wala haiishi.

Sasa nifike pale nisipotaka. Ilikuwa asubuhi ya jua, hiyo ndiyo huniudhi mpaka kesho, haikuwa hata na mvua ya kulaumiwa. Foleni ilikuwa imekwama kutoka Dagoretti Corner mpaka nisikoona. Pikapu ilikuwa karibu mbele yangu kabisa, dirisha wazi. Barasa alikuja katikati, sanduku limejaa. Nilimjua kwa kelele kabla sijamwona. Mkono ukatoka dirishani, ukamgusa bega. Nikasema moyoni, huyu naye hachoki kuaibika. Na hapo Barasa akageuka. Akacheka, lile cheko lake lote, akaachilia hendo mkono wa kushoto. Hakugusa tu akapita, kama desturi. Aliushika. Wakashikana kama watu waliokutana baada ya safari, mmoja ndani ya gari na mmoja juu ya baiskeli, na nikamsikia Barasa akisema, "Wewe ni mjinga sana." Mimi nilikuwa nimeanza kutabasamu. Nyuma yao mtu akapiga honi, foleni ikasonga, pikapu ikaruka mbele kidogo na mikono bado imeshikana, mguu wa Njuguna ulikuwa umesahau kazi yake kwenye klachi. Kidogo tu. Lakini baiskeli na gari haziendi sawa, na sanduku lile lilikuwa zito. Likalalia upande wa pili, ambako lori lilikuwa linakuja kutoka mjini.

Nilifika kwake. Sitasema nilichokiona. Mikate ilikuwa kila mahali, na watu wengine, Mungu awasamehe, walikuwa wanaiokota. Dereva wa lori aliruka akakimbilia mabondeni, kwa hivyo hasira yote ikamgeukia aliyebaki. "Amemsukuma! Tumeona mkono!" Walikuwa wameona mkono kweli. Oduor alikuwa wa kwanza kumshika Njuguna kwa shati na kumtoa nje. Nikapiga kelele, "Mwacheni! Alikuwa anamsalimia! Walikuwa wanasalimiana!" na mama mmoja akanikumbatia kutoka nyuma, akawaambia watu, "Masikini, amechanganyikiwa." Polisi wa trafiki ndio waliomwokoa, tayari damu imemjaa usoni. Na akiburutwa hivyo hakuwa anajikinga. Alikuwa ananitazama mimi.

Matanga yakakaa kwenye ploti, na ploti ikagawanyika. Watu wa baiskeli walikaa upande wetu, kwenye mabenchi ya kukodi, wakisema wenye magari ni wamoja, ukimpa mtu usukani amesahau aliyekula naye. Upande wa nyumba ya mawe nilisikia wageni wa mzee wakisema kwamba anayependa kupita katikati ya magari amejitafutia. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii, na halikuwa kesi wala fidia. Nilitaka watu wajue kwamba mume wangu hakufa kwenye ugomvi. Alikufa ugomvi umekwisha, akicheka. Nilimwambia Oduor. Akaniambia, "Pole mama, najua wewe ni mpangaji wao. Lakini usiogope." Nikamwambia sina hofu, nina macho. Akanipigapiga mgongoni kama mtoto mwenye homa. Nilimwambia mzee alipokuja, kofia mkononi, akifuatwa na mtu aliyebeba gunia la unga. Akasema, "Tumwachie Mungu," macho yakitazama chini, na nikajua naye anaamini mwanawe alisukuma. Hata yeye! Gunia likabaki katikati ya njia, kati ya safu mbili. Wanawake wetu walilizunguka na kuazima unga wa jirani.

Siku ya kusafirisha mwili, mchana, wakati watu walikuwa wamekwenda mochari kuchukua jeneza, Njuguna alikuja. Walikuwa wamemwachilia asubuhi hiyo. Aliingilia nyuma, kupitia vyoo, jicho moja limefunga. Nilikuwa peke yangu chumbani nikikunja nguo. Hakuketi kwenye mtungi wa maji. Alisimama mlangoni kama mtu anayeomba njia, na sauti yake ikatoka ndogo sana.

"Shemeji, wewe ulikuwa pale. Ile mkono yangu, alikuwa anaitoa kwa bega lake? Ama alikuwa anaishika?"

Nilifurahi. Naona aibu kulisema neno hilo juu ya siku ile, lakini ndilo. Mwishowe kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyetaka kuniuliza. Nikamwambia akae, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, nami nikamweleza kila kitu taratibu: alivyogeuka, alivyocheka, alivyoachilia hendo, na kwamba hakugusa tu bali alimshika. Nikamwambia lile neno, wewe ni mjinga sana, na jinsi alivyolisema. "Alikuwa amekusamehe, Njuguna," nikasema. "Ameenda bila kinyongo na wewe. Hata hawa wakikuambia nini, mimi niliona." Nilidhani atalia, kisha apumue. Nilikuwa nimengoja sana kumpa mtu habari hiyo, na habari yenyewe ilikuwa yake.

Hakulia. Alikaa akitazama mikono yake imelala magotini mpaka nikasikia gari la jeneza likirudi nyuma langoni na wanawake wakianza kuangua kilio.

"Heri angekuwa bado amenikasirikia," akasema. "Akiwa amenikasirikia alikuwa anashika hendo na mikono mbili."

Akaondoka alikoingilia. Nikafunga mkoba wa nguo, nikatoka kwenda kumpokea mume wangu.